Mtalii Kwao

Ndugu msomaji, kuna uongo ambao mtu huusema mara moja tu, kisha akajikuta anaubeba kila siku kama mzigo wa kuni. Wangu niliusema mjini Mbala, Zambia, siku ya kwanza ya masomo. Mwalimu alituzungukia mmoja mmoja, kila mtu ataje anakotoka. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Dar es Salaam."

Darasa zima likageuka kunitazama. Basi, roho yangu ikatulia kwa raha.

Ukweli ni kwamba Dar es Salaam nilikuwa sijaiona hata kwa kupita. Mimi ni Mpimbwe, mzaliwa wa Usevya, kule bonde la Rukwa, mkoa wa Katavi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kujivunia, nikakaa nyumbani nikilima mpunga na kuandika. Ndiyo, kuandika. Nilikuwa na daftari kubwa lenye riwaya yangu, kurasa 84, na mambo yote humo yalitokea Dar es Salaam: Kariakoo, Manzese, magari yanafukuzana usiku, wanawake wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mji huo niliujua kwa kusoma. Shuleni kwetu kulikuwa na nakala moja ya *Dar es Salaam Usiku* ya Ben Mtobwa, haina jalada, imepita mikono mingi hadi kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Nilidhani riwaya haiwezi kutokea mahali pengine.

Baba yangu mdogo ana duka la vipuri vya baiskeli Mbala. Ndiye aliyemwambia baba, "Mlete huku asome Kiingereza miezi sita, kitamsaidia." Baba akauza magunia kumi na mawili ya mpunga. Hakusema neno. Asubuhi ya safari alinishika mkono, akaniambia, "Nenda. Lakini usisahau njia." Mimi nikadhani anasema njia ya basi.

Sasa, mwishoni mwa juma moja la mwezi wa sita, wanafunzi tukachanga kwacha zetu, mwalimu akakodi basi dogo. Shabaha ilikuwa kwenda nchi jirani, tukayaone maporomoko ya Kalambo. Maporomoko hayo yako mpakani hasa, na upande wa Zambia wenzangu wengi walikuwa wamekwisha kuyaona. Safari hii walitaka wayaone kutoka Tanzania, washuke zile ngazi zilizojengwa upande wetu, wafike hadi chini. Kwao ilikuwa safari ya ng'ambo. Walinunua mikate, soda, wakavaa nguo za sikukuu. Nami wakanikabidhi cheo: "Wewe ndiye mwenyeji wetu!"

Mwenyeji! Usiku huo sikulala vizuri.

Tulifika Kasesya, kituo cha mpakani, jua likiwa bado changa. Wenzangu wakapewa vibali vyao. Nikabaki mimi, raia, ambaye nilifikiri nitapita upesi kuliko wote. Afande aliyekuwa dirishani akafungua hati yangu, akasoma polepole, kisha akacheka kwa furaha.

"Usevya! Wewe umezaliwa Usevya? Hii hii ya Mpimbwe?"

"Ndiyo, afande," nikajibu kwa sauti ya chini.

"Aa, bwana wee! Mimi nimekaa Majimoto miaka mitatu. Nimekula sana mchele wenu. Karibu nyumbani, mdogo wangu!" Akagonga mhuri kwa kishindo.

Nyuma yangu alikuwapo dada mmoja tuliyekaa naye dawati moja, Mmambwe wa palepale Mbala. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka, wana wajomba huku na mashangazi kule, na Kiswahili cha mpakani wanakijua sana. Alisikia kila neno. Tulipopanda basi akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Usevya ndiyo jina la mtaa wa Dar es Salaam?"

Sikujibu. Naye hakuwaambia wengine. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angenicheka ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Matai tulikunywa chai na maandazi. Wenzangu wakaniuliza maswali. Hapa wanalima nini? Ule mlima unaitwaje? Kwa nini nyumba zinapakwa udongo ule? Mimi mwenyeji nikawa natazama dirishani. Kumbe mtu anaweza kuzaliwa mkoa wa jirani, akapita hapa ndani ya basi akienda masomoni, na asione kitu kwa sababu macho yake yameshatangulia mbele. Baada ya Matai tukakata njia ya vumbi hadi kijiji cha Kapozwa, na kutoka hapo tukatembea.

Mto Kalambo ni mto mpole. Unakuja zake taratibu kati ya majani na miti, halafu ghafla ardhi inakwisha. Maji yanaruka mara moja tu, bila kugonga ngazi ya jiwe katikati, zaidi ya mita 220 kwenda chini. Ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha Mosi-oa-Tunya, ile inayojulikana dunia nzima kama Victoria Falls, ambayo ina mita 108. Kisha mto unakusanya nguvu zake ndani ya korongo na kwenda kumwagika Ziwa Tanganyika. Kwenye majabali, juu ya ukungu, korongo wakubwa wenye vichwa vya upara walikuwa wakirukaruka na kutua. Wanajenga viota huko mwambani. Wengine wanatua Zambia, wengine Tanzania, bila kugongewa mhuri.

Mzee aliyetuongoza alikuwa mtu wa hapo hapo. Alituambia kwamba mpaka huu ni wa juzi tu. Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba mwaka 1890, wakachora mstari kutoka Ziwa Nyasa hadi mlango wa mto huu. Mwenye kuoa ng'ambo akajikuta amekuwa mgeni wa mkewe.

Mwalimu wetu naye akaongeza la kwake. Alisema kwamba juu kidogo ya maporomoko haya, mtaalamu Desmond Clark alianza kuchimbua mabaki ya kale mwaka 1953. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba magogo mawili yaliyopatikana hapo, yamechongwa yakashikana, yana umri usiopungua miaka 476,000. Watu wa namna yetu walikuwa hawajatokea bado duniani. Lakini alikuwapo mtu, au ndugu wa mtu, aliyekaa ukingoni mwa mto huu akachonga gogo lake ili likae sawasawa juu ya jingine.

Nilisimama nikiwaza. Gogo limekaa miaka yote hiyo mahali pake. Mimi miezi minne tu nimeshahama kwa mdomo hadi Dar es Salaam.

Tukashuka ngazi. Nilianza kuhesabu vidato, nikapoteza hesabu, magoti yakawa yanatetemeka. Chini kabisa mvuke wa maji ulitulowesha wote, ikabidi watu waseme kwa kupiga kelele. Yule dada akaja kusimama karibu nami.

"Kwa nini ulitudanganya?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu katika kelele ile ukweli ulikuwa mwepesi kusema. "Nilidhani Usevya haina cha kueleza."

"Nieleze mimi, basi."

Nikaanza kwa kigugumizi. Nikamweleza njia ya kutoka Mpanda kuja kwetu, inavyopita katikati ya Hifadhi ya Katavi, kilomita za mraba 4,471 za pori. Mbung'o wanaingia ndani ya basi, abiria wote wanapigana makofi wenyewe kama wendawazimu. Nikamweleza kiangazi, mto Katuma unapokauka, viboko kwa mamia wanabanana katika tope moja, kila mmoja kichwa juu ya mgongo wa mwenziwe, wanagombana na hawana pa kwenda. Nikamweleza chemchemi za Majimoto. Nikamweleza Katavi mwenyewe, yule mzimu aliyeipa hifadhi jina, ambaye wazee husema anakaa katika mkwaju karibu na ziwa, na watu huenda kumtolea sadaka na kuomba.

Nilipogeuka, wenzangu wote walikuwa wamesogea. Dada alikuwa akiwatafsiria kwa Kibemba. Kijana mmoja wa Kasama akauliza, "Huyo mzimu ni mwanamume au mwanamke? Na wakimwomba huwapa nini?"

Sikujua. Ndugu msomaji, sikujua! Nilijua jina la kila mtaa wa Kariakoo ulioandikwa vitabuni, lakini mkwaju ulio kwetu sikuwahi kuuliza habari zake. Ikabidi nikiri mbele yao, na nikakiri pia kwamba sitoki Dar es Salaam. Wakacheka, lakini kicheko cha kawaida tu, kama mtu anavyochekwa akivaa shati nyuma mbele. Kijana wa Kasama akasema, "Tulishangaa. Kila tukikuuliza habari za bahari unabadilisha mazungumzo."

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Shuleni niliijibu methali hiyo kwenye mtihani na nikapata maksi zote.

Tulirudi Mbala usiku. Kwa baba mdogo nilikuta nimewekewa ugali, ambao huko huitwa nshima, na dagaa wa Tanganyika, ambao huko huitwa kapenta. Ziwa moja, samaki mmoja, majina mawili. Nilikula, nikaomba simu, nikampigia baba.

"Baba, hivi yule Katavi wa kwenye mkwaju ni mwanamume au mwanamke?"

Kimya kikapita. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu siku alipouza mpunga.

"Nimetoa magunia kumi na mawili uende Zambia," akasema, "ili uje uniulize habari za hapa?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Tafuta karatasi."

Daftari langu sikulichoma, maana daftari ni fedha. Nimeligeuza tu, ninaandika kuanzia nyuma kuja mbele. Ukurasa wa kwanza una basi, mbung'o, na abiria wanaojipiga makofi. Siku moja hadithi hii itakutana na ile ya Dar es Salaam katikati ya daftari. Hapo nitajua la kufanya.