Barua kutoka Fairfax: Baiskeli ya mpwa wangu wa Lushoto

Mpwa wangu,

Habari zako nimezipata, na nimefurahi kusikia kwamba kazi ya kuwaongoza wageni kwa baiskeli imekukubali. Umeniuliza kama nikununulie huku baiskeli ya milimani iliyokamilika, au nikukusanyie vipuri nikufungie mwenyewe. Vijana wengine wa nyumbani wamewahi kuniuliza hivyo hivyo, ndiyo maana jibu lako nalitoa hapa, kila mtu alisome.

Ungekuwa unaishi Marekani ningekuambia nunua iliyokamilika, na mazungumzo yangeishia hapo. Wewe unaishi Lushoto. Kwako jibu langu ni kinyume chake, na nataka uzielewe sababu zangu vizuri, maana baiskeli hii ndiyo itakayokulisha.

Nianze na bei. Kiwanda kinachotoa maelfu ya baiskeli kwa mwaka hununua breki, giya na matairi kwa jumla, moja kwa moja kwa watengenezaji, wengi wao wakiwa Taiwan, China na Japani. Mimi nikiingia dukani kutafuta breki mbili na cheni moja, nalipa rejareja, pamoja na faida ya kila aliyevigusa njiani. Baiskeli nzuri yenye shokapu ya mbele peke yake huku inapatikana kwa dola 1,000 hadi 1,500. Jaribu kuiunda ileile kwa vipuri vipya vya dukani, na mara nyingi utapita dola 2,000. Ongeza na dhamana: ukinunua nzima, kitu kikivunjika kabla ya wakati wake una mlango mmoja wa kugonga. Ukiunda mwenyewe, kila kipuri kina mlango wake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuunda ni njia ya kuokoa fedha, mwulize kwanza kama anazungumzia vipuri vipya au vilivyotumika. Kwa vipya, hesabu yake haisimami.

Hata hivyo, mji ninaoishi umejengwa juu ya hadithi ya watu waliounda. Fairfax iko chini ya Mlima Tamalpais, kaskazini mwa San Francisco, na katika miaka ya 1970 vijana wa hapa walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu za Schwinn Excelsior, zilizotengenezwa tangu miaka ya 1930, kwa sababu fremu zake zilikuwa nzito na ngumu, na matairi yake mapana. Walizivua mapambo, wakazipeleka mlimani, wakateremka nazo. Oktoba 1976 walianza mashindano kwenye njia inayoitwa Repack, mteremko wa mita 400 hivi katika kilomita zisizozidi nne. Breki ilikuwa ile ya kurudisha pedali nyuma, na joto liliichoma grisi ndani ya habu mpaka ikatoa moshi, ikabidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi mpya. Gary Fisher, mmoja wao, akaifungia yake giya na breki za ngoma. Mwaka 1977 mwenzao Joe Breeze akaanza kuchomelea fremu zilizobuniwa kwa ajili ya mlima tangu mwanzo, na ile ya kwanza leo iko katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Ni mwaka 1981 tu ndipo kampuni ya Specialized ilipotoa Stumpjumper, na mtu wa kawaida akaweza kuingia dukani akatoka na baiskeli ya milimani iliyo tayari.

Nimekueleza haya kwa sababu moja. Wale vijana walichagua fremu ambayo vipuri vyake vilikuwa vimejaa kila pembe ya nchi yao. Kuunda kulianzia kwenye swali la nini kinapatikana, na ndilo swali lako wewe.

Tazama mambo yalivyogeuka tangu hapo. Habu ya nyuma ya baiskeli za milimani kwa miaka mingi ilikuwa na upana wa milimita 135. Ikaja 142, kisha 148, na zipo za 157. Gurudumu la moja halikai kwenye fremu ya nyingine. Beringi za pedali, zilizokuwa zikifungwa kwa nyuzi kwenye fremu, viwanda vingi vikaanza kuzishindilia kwa mashine. Zikilegea zinalia, na kuzitoa kunahitaji zana maalumu. Giya zimefika 12 nyuma, na cheni yake imekuwa nyembamba kiasi kwamba cheni ya duka la Mombo haizifai giya hizo. Breki ni za mafuta: nyingine zinatumia mafuta ya madini, nyingine ya DOT, na ukichanganya unaharibu mipira yote ya ndani. Sikatai kwamba baiskeli hizi ni tamu kupanda. Lakini zimeundwa kwa mtu ambaye Jumamosi akiharibikiwa, Jumatatu yuko dukani na kipuri kinamngoja. Wewe ukiharibikiwa njiani kati ya Lushoto na Mtae, na mgeni yuko nyuma yako na mvua inakuja, Jumatatu hiyo haikusaidii kitu.

Basi nitakuundia. Nitatafuta fremu iliyotumika, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya chuma cha kromoli. Huku fremu hizo zinauzwa kwa bei ndogo kwa sababu wapenda mitindo wamezikimbia. Nimechagua chuma kwa kuwa kikipasuka mchomeleaji mwenye mkono mzuri anaweza kukiunga. Aluminiamu haimsamehe fundi. Nataka yenye habu ya 135, beringi za pedali za nyuzi, na masikio ya kufungia breki za diski, maana breki za ringi katika tope la masika zinaila ringi yenyewe mpaka inakuwa nyembamba. Diski zitavutwa kwa waya. Waya wa breki utaupata popote pale penye fundi.

Mbele nitaweka foki yenye shokapu ya milimita 80 hadi 100, si zaidi. Fremu za wakati ule zilipimwa kwa foki fupi. Ukiweka ndefu unainua pua ya baiskeli na kuitesa shingo ya fremu. Tena shingo yake ni ya bomba lililonyooka, kwa hiyo foki nyingi mpya, ambazo bomba lake linanenepa kuelekea chini, hazitaingia. Giya nane nyuma, sahani tatu mbele. Huku sahani tatu wanaziona za kizamani, lakini meno 22 mbele na 34 nyuma ndiyo yatakayokupandisha Magamba ukiwa umebeba zana na maji ya watu watatu.

Magurudumu nitayafunga mwenyewe, na hapo ndipo mapenzi yangu yalipo. Spoki 32 kila moja, kila spoki inakatiza nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, halafu unakaza kidogo kidogo, ukizunguka. Ukizigonga kwa ukucha, za upande mmoja zitoe sauti iliyo sawa kama nyuzi za udi zilizolinganishwa. Gurudumu la kiwandani hukazwa na mashine, na mara nyingi spoki hulegea baada ya safari za mwanzo. Lililokazwa kwa mkono na kwa subira hudumu, na likipinda wewe mwenyewe utaliweka sawa, kwa kuwa nitakufundisha kwa simu ya video, spoki kwa spoki.

Matairi yatakuwa ya inchi 26. Lakini usitosheke na neno inchi. Soma namba ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi: ya baiskeli yako iwe 559. Kuna 26 nyingine, za baiskeli za mjini, zenye 590, na hazitaingia kamwe. Ya baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 ni 635.

Siku utakapofungua beringi za pedali kuzisafisha, kumbuka kwamba upande wa cheni nyuzi zake zinakwenda kinyume: kufungua ni kuzungusha kuelekea kulia. Mafundi wengi wenye nguvu wameharibu fremu nzuri hapo kwa kulazimisha.

Sasa nahitaji mambo mawili kabla sijatoa hata senti. Simama peku ukutani, ujipime kutoka unyayoni mpaka kwenye msamba, uniandikie kwa sentimita. Fremu inachaguliwa kwa kipimo hicho. Kisha uzunguke kwa mafundi wa Lushoto, Soni na Mombo, uwaulize wana cheni za aina gani, waya gani, matairi gani yenye 559, na spoki za urefu gani. Piga picha za pakiti zake. Nitanunua kwa kufuata picha hizo.

Msalimie dada, na umwambie fedha ya dawa nitaituma mwisho wa mwezi.

Mjomba wako,
Fairfax, California