Binti Yangu na Bahari

Akina mama wenzangu, ukitaka kujua Kiwalani iko mbali kiasi gani na bahari, usipime kwa kilometa. Pima kwa mazungumzo yetu. Sisi ni jirani wa uwanja wa ndege, kwa hiyo watoto wetu huzijua ndege kwa mngurumo. Wanajua pia mitaro, vumbi, na matope ya masika. Bahari kwetu ni mahali pa kwenda Krismasi na Pasaka, watoto wavae nguo mpya, wale mihogo ya kukaanga, jioni warudi na mchanga masikioni. Mimi nimelelewa milimani Upare. Nimekaa Dar es Salaam zaidi ya miaka ishirini na maji ya chumvi hayajawahi kunipita magoti.

Ndiyo maana mwaka juzi, binti yetu wa kwanza alipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, akasema anataka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sayansi za majini na uvuvi, niliweka sufuria chini nikamtazama. Nilikuwa nimekwisha kumwona akiwa amevaa gauni jeupe kama langu, ila yeye afike mbali kuliko stashahada yangu. Nikamwuliza, "Mwanangu, msichana mzima ukasomee uvuvi? Ndiyo ada yote hiyo?" Baba yake alicheka, akasema samaki wako Feri tayari, hawahitaji shahada. Mtoto hakujibu. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na nyumba ikawa kimya siku tatu.

Lakini hofu yangu haikuwa ada peke yake. Ilikuwa maji yenyewe. Nani kati yetu amesahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, na MV Skagit Julai 2012? Tena kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mtoto. Miaka mingi iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa kijana mvuvi ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa khanga. Nilipoifungua, vidole havikuwepo. Ilikuwa baruti, ililipuka kabla hajaitupa. Uvuvi huo ulipigwa marufuku nchini tangu 1970, lakini uliendelea miaka mingi katika pwani yetu hii hii. Tangu usiku ule nilipokuwa nikisikia neno "uvuvi" nilikuwa naiona khanga ile.

Basi ikatokea kwamba akina mama wa usharika wetu walikuwa na safari ya Zanzibar kulitazama kanisa kuu la Mkunazini, lile lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Nikamchukua binti yangu. Nilimwambia, "Tutakaa siku mbili zaidi. Nionyeshe hayo unayotaka kuyasoma, halafu tutaongea na baba yako." Tuliondoka Kiwalani alfajiri kwa daladala, tukapanda boti ya asubuhi. Saa mbili za safari nilizimaliza nimefumba macho na mfuko wa kutapikia mkononi. Yeye alisimama nje kwenye upepo.

Habari za Mkunazini nitaziacha kwa siku nyingine, maana zinataka ukurasa wake. Wenzetu waliporudi, sisi tulikwenda Buyu, kusini ya mji, iliko Taasisi ya Sayansi za Bahari. Ni ya Chuo Kikuu hicho hicho cha Dar es Salaam, imekuwapo Zanzibar tangu 1978, na kwa miaka mingi ilikuwa mjini, barabara ya Mizingani. Mtumishi mmoja mpole alitutembeza. Nilitegemea nyavu na harufu ya samaki. Nilikuta maabara yenye darubini, chupa zenye lebo na watu wenye makoti meupe. Nikajiona niko nyumbani kidogo.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba tumbawe, ambalo siku zote nilidhani ni jiwe, ni mnyama. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa, polepole, miaka na miaka. Maji yakipata joto kupita kiasi hupauka yakawa meupe, kama ilivyotokea pwani yetu yote mwaka 1998. Nikauliza habari za baruti. Niliambiwa kwamba mlipuko mmoja huvunja nyumba hiyo, hupasua mfuko wa hewa ndani ya samaki, na wengi wao huzama chini wasiokotwe na mtu. Wadogo kwa wakubwa hufa pamoja. Nilikaa kimya. Usiku ule nilikuwa nimemfunga jeraha mgonjwa mmoja. Kumbe kulikuwa na majeruhi wengine ambao hakuna aliyewaleta.

Kesho yake tukaenda Paje, ng'ambo ya mashariki. Maji yalikuwa yametoka, bamvua kubwa, na wanawake walikuwa mbali kabisa wameinama kwenye kamba zao za mwani. Kilimo hicho kilianza huko mwaka 1989. Mwani hukaushwa, husafirishwa nje, na uteute wake huingia katika dawa ya meno tunayopigia mswaki kila asubuhi. Nani alijua?

Tulimfuata bibi mmoja aliyekuwa akifungia miche. Nikaamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika bila kuinua mgongo, na mimi kwa jicho la kazi yangu nikaona mengi: kiuno, macho mekundu kwa mng'aro wa jua, nyayo zilizochanika. Alisema mwanzoni wanaume walikataa wake zao wasiende huko, lakini fedha zilipoingia na watoto wakanunuliwa sare, maneno yaliisha. Siku hizi, akasema, bei ni ndogo na ile aina yenye bei nzuri, wanayoiita kotoni, inaoza kabla ya kuvunwa kwa sababu maji ya ufukweni yamekuwa ya moto.

Wataalamu wa Taasisi, na hasa Dk. Flower Msuya aliyeutafiti mwani kwa miaka mingi, walijaribu pamoja na wakulima kuupanda kwenye nyavu ndefu za bomba, kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi. Ni jambo jema, lakini huko panataka boti na kuogelea, na wengi wa wanawake hawa, waliozaliwa ufukweni, hawajui kuogelea. Nilishangaa, kisha nikajicheka. Mimi ni nani wa kushangaa?

Yule bibi akamtazama binti yangu. "Huyu ndiye anayetaka kusoma bahari?" Nikasema ndiye. "Basi mwache asome. Akimaliza aje atwambie kotoni yetu inakufa kwa nini."

Binti yangu alikunja sketi yake, akainama, akaanza kufunga miche. Alifunga vibaya, bibi akafungua, akamwonyesha tena. Nilisimama pale na maji vifundoni, na maneno yote niliyoyaandaa kuhusu uuguzi yakanipotea.

Baba yake hakukubali siku moja. Aliuliza kazi iko wapi. Tulimtajia utafiti wa uvuvi, TAFIRI, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanza 1995, na halmashauri zote za pwani. Alisema kutaja ni rahisi kuliko kuajiriwa, na hapo, kusema kweli, hana makosa. Lakini fomu alisaini.

Sasa yuko Mlimani. Akija nyumbani mwisho wa juma hupita kwenye mtaro wetu, huhesabu chupa za plastiki na kuniuliza nadhani zinakwenda wapi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019. Chupa bado tunazo. Majirani wanamwona ana wazimu kidogo.

Mwezi uliopita aliomba fedha za kujifunza kuogelea. Nilizitoa katika zile za kitenge changu cha sherehe. Akaniuliza kama nitakuja naye. Nimemwambia nitakuja, nitakaa ufukweni nimshikie khanga.