Tracy Chapman, baba mdogo na ukurasa wa nne

Haya, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Wiki nzima nina mtu mmoja kichwani. Nilitaka kumwita mwanadada, lakini ni wa umri wa mama zetu: Tracy Chapman.

Nilimjua kwenye daladala. Baba mdogo alikuwa dereva, na redio ya gari lake ilikuwa na kanda moja iliyokwama humo ndani, haitoki na wala haigomi kuimba. Mimi nilikuwa darasa la pili. Kiingereza sikijui, nilichonasa ni kwamba kuna gari linatajwa. Basi nikaamini huyu ni mwanamume (ile sauti nzito, jamani!) anajisifia gari lake. Baba mdogo naye alielewa hivyo hivyo, na wimbo ukianza tu alikuwa anakanyaga mafuta.

Nilipofika chuo ndipo nikatulia kuusikiliza Fast Car. Kumbe hakuna majivuno mle. Ni binti aliyeacha shule amlee baba yake mlevi, anafanya kazi dukani, anaota kuhama mji na mpenzi wake, na mwishowe yule mpenzi anageuka kuwa baba mlevi mwingine. Nilimpigia simu baba mdogo kumweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ni afadhali ningemwacha na gari lake.

Kwa kifupi kwa wasiomfahamu: amezaliwa Machi 30, 1964, Cleveland, Ohio, akalelewa na mama yake. Alipewa ukulele akiwa na miaka mitatu, gitaa akiwa na minane. Alipata ufadhili wa masomo akaenda shule ya bweni Connecticut, kisha Chuo Kikuu cha Tufts, akasoma anthropolojia, huku akiimba barabarani pale Harvard Square.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo panaponiumiza. Akiwa bado mwanafunzi alirekodi nyimbo zake kwenye redio ya chuo ili apate ushahidi wa hakimiliki. Redio ikaruhusiwa kuzipiga, nyimbo zikabaki zake. Hana jina, hana albamu, lakini hilo alishalifikiria. Halafu mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, akamsikia akiimba na kumpeleka kwa baba yake, Charles, aliyekuwa mzito kwenye biashara ya muziki. Tracy akahitimu mwaka 1987, na Aprili 1988 albamu yake ya kwanza ikatoka chini ya Elektra.

Juni 11, 1988, uwanja wa Wembley, London, tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, mwenyewe akiwa bado gerezani. Tracy alikuwa ameshaimba mapema zake, kazi imekwisha. Jioni Stevie Wonder anatakiwa kupanda, kumbe diski yenye muziki wa vyombo vyake haionekani. Akaondoka. Waandaaji wanatafuta mtu wa kuziba pengo, nani hahitaji nusu saa ya kufunga mitambo? Binti mwenye gitaa kavu. Akarudi jukwaani peke yake, akaimba Fast Car mbele ya uwanja uliofurika na televisheni za nchi nyingi duniani. Albamu ikapanda hadi namba moja Marekani, na mwaka 1989 akabeba Grammy tatu. Kabla ya hapo, Oktoba 1988, alishafika Harare na Abidjan kwenye ziara ya Amnesty International pamoja na akina Springsteen na Youssou N'Dour.

Albamu nyingine saba zilifuata, ya mwisho mwaka 2008. Baada ya ziara ya 2009 akaamua kukaa kwake. Mwaka 2018 Nicki Minaj aliomba kutumia wimbo wake Baby Can I Hold You, akakataliwa. Kazi ile ikavuja redioni, Tracy akaenda mahakamani, na shauri likaisha Januari 2021 kwa yeye kulipwa dola 450,000. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa kantri, akairudia Fast Car, ikafika namba mbili Marekani, na Novemba mwaka huo Tracy akawa mtunzi wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya CMA. Kwa wimbo aliouandika peke yake miaka ya themanini! Magazeti (na mimi nimo) tukaandika kwamba amefufuka. Sijui nani alituambia alikufa. Februari 2024 alipotokea kwenye Grammy, mvi kichwani, gitaa mkononi, nilitazama mara tatu, na mara zote nilikuwa namfikiria mshikaji wangu.

Huyu tulikaa naye hosteli. Anapiga gitaa, anaandika nyimbo nzuri. Mwaka 2022 alipata mtu wa kumsimamia, akaletewa mkataba, kurasa sita za Kiingereza cha kisheria. Akanipa mimi niusome kwa sababu mimi ndiye mwandishi. Siku hiyo nilikuwa nakimbizana na muda wa kufunga ukurasa. Nikaupitia juu juu, nikamwambia, "Saini tu kaka, nafasi hairudi mara mbili." Akasaini. Wimbo wake leo unapigwa kwenye tangazo la biashara. Yeye alipewa laki tatu, mara moja. Nilikuja kuusoma vizuri baadaye: ukurasa wa nne unasema ameuachia wimbo wote, moja kwa moja.

Hajawahi kunilaumu. Tukisikia lile tangazo tukiwa kijiweni anabadilisha mazungumzo, nami najifanya natafuta simu. Tracy chuoni alimpata Koppelman. Huyu alinipata mimi.

Juzi usiku amenitumia wimbo mpya, sauti na gitaa tu, kwa nyuma unasikia feni. Nimemjibu asimpe mtu yeyote. Ijumaa tunakwenda kumwona wakili, na ada nitatoa mimi. Baba mdogo amesikia habari hiyo, naye anataka kujua kama huo wimbo mpya una gari ndani yake.