Garimoshi Lisilo na Moshi, na Suala la Wakfu



Mji wa Chicago umekaa kando ya ziwa kubwa lisiloonekana ng'ambo yake, hata mtu wa pwani akisimama ukingoni hudhani ni bahari mpaka ayaonje maji. Kusini mwa mji, ndani ya bustani iitwayo Jackson Park, pana jumba la nguzo za mawe lililojengwa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1893, na tangu mwaka 1933 limekuwa makumbusho ya sayansi na viwanda. Wenyeji wetu, jamaa wa asili ya Lamu waliohamia huko, walitupeleka humo kwa kuwa watoto wao walikuwa likizo. Tulitarajia kuona mifupa na vyungu. Tulichokikuta ndani ya ukumbi wa chini ya ardhi ni garimoshi zima.

Ni fupi, la mabehewa matatu yaliyoshikana, lenye rangi ya fedha toka mwanzo hadi mwisho. Ubavu wake una mifereji midogo iliyolala kwa urefu, uso umeinama kama ngao, na mkia umeviringwa kwa vioo. Wamarekani hulikumbuka kwa jina la Pioneer Zephyr. Zephyr ni upepo wa magharibi katika hekaya za Wayunani. Sisi tunaohesabu kusi na kaskazi, matlai na umande, hatuoni ajabu mtu kukipa chombo chake jina la upepo.

Mjukuu wa mwenyeji wetu, mtoto wa miaka saba, alitushika kanzu akauliza: "Babu Sheikh, garimoshi hili, moshi wake uko wapi?"

Swali la mtoto huyo ndilo lililokuwa habari ya dunia mwaka 1934. Mpaka wakati ule treni nyingi za abiria katika njia kuu za Marekani zilikuwa za mvuke: makaa, maji, moto, majivu, na vituo vya kusimama kila baada ya masafa ili kujaza tangi. Kuchakaa kwa injini hizo kuliwapa kazi maelfu ya mafundi, na moshi wake ulizitia weusi nguo za abiria. Garimoshi hili lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 600. Dizeli yenyewe haikuyazungusha magurudumu. Iliendesha mtambo wa kuzalisha umeme, umeme ukapelekwa kwenye mota zilizofungwa juu ya ekseli za mbele, na mota ndizo zilizosukuma. Mpango huo ndio unaotumika hata leo katika treni nyingi za dizeli, na Madaraka Express ni mojawapo.

Kwa insafu, Wajerumani walitangulia. Mwaka 1933 walikuwa tayari wakiendesha treni ya dizeli yenye kasi kati ya Berlin na Hamburg. Lakini kisa cha Chicago kina mafunzo yake.

Zama zile uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na abiria walikuwa wakiikimbia reli kwa ajili ya motokaa na mabasi. Mkuu wa kampuni ya reli ya Burlington, Ralph Budd, alikwenda kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1933, akaona injini mbili za dizeli zikitoa umeme wa banda la General Motors. Zilikuwa za majaribio, na aina hiyo ya injini ilikuwa ikitazamwa pia na jeshi la majini kwa ajili ya nyambizi. Akataka moja aifunge ndani ya treni. Mabehewa yakatengenezwa Philadelphia katika kiwanda cha Edward Budd kwa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho huharibika kikichomelewa kwa namna ya kawaida, kwa hiyo wahandisi wa kiwanda walibuni njia ya kuchomelea kwa mpigo mfupi sana wa umeme, nukta kwa nukta. Mabehewa mawili yanayofuatana yalikalia fremu moja ya magurudumu badala ya kila behewa kuwa na zake mbili, na uzito ukapungua. Treni nzima ilikuwa na uzito wa tani 100 hivi.

Tarehe 26 Mei 1934 ilitoka Denver alfajiri na kufika Chicago magharibi, kilomita zipatazo 1,630 kwa saa 13 na dakika 5. Masafa hayo ni zaidi ya mara tatu ya Mombasa hadi Nairobi, safari iliyokuwa ikilichukua garimoshi letu la zamani usiku mzima. Kasi yake ya juu siku hiyo ilifika kilomita 181 kwa saa. Kila kivuko kiliwekewa mlinzi na watu walijipanga kandokando ya reli. Njiani mlango ulibana waya, mfumo wa umeme ukapata hitilafu, injini ikazimwa treni ikiwa mbioni. Fundi mmoja akazishika ncha mbili za waya kwa mikono yake mitupu, zikamchoma, na injini ikawaka tena. Na ndani ya behewa la mizigo, wasomaji wetu wa Lamu watafurahi kusikia, alikuwemo punda. Alichukuliwa kuwa mpanda-treni wa heshima, akapewa jina la Zeph, akafika salama.

Vitabu vingi huishia hapo. Siku ile moja imeandikwa mno, hata mtu hudhani treni hii iliumbwa Mei 26 na kufa Mei 27. Sisi tulivutwa zaidi na maandishi machache yanayoeleza kilichofuata, nayo ni kazi. Tarehe 11 Novemba 1934 ilianza kubeba abiria wa kawaida kati ya Lincoln, Omaha na Kansas City, kwenda na kurudi, siku baada ya siku. Hiyo ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Viti vilikuwa 72 tu. Nyuma ya injini palikuwa na chumba cha posta, ambamo makarani walisimama wakizichambua barua treni ikienda, ili ikifika stesheni kila mfuko uwe tayari kushushwa. Palikuwa na jiko dogo, chumba cha mizigo, na mwishoni sebule ya vioo ambamo abiria aliitazama reli ikikimbia nyuma yake. Abiria walizidi nafasi, na mwaka uliofuata behewa la nne likaongezwa.

Mwaka 1939 iligongana na treni ya mizigo huko Missouri, uso wake ukavunjika vibaya. Haikutupwa. Ilitengenezwa, ikarudi njiani. Baadaye, treni kubwa na mpya zaidi zilipokuja, ikawa inapelekwa njia ndogo ndogo. Ilipostaafishwa mwaka 1960 ilikuwa imetembea zaidi ya maili milioni 3. Gawanya hesabu hiyo kwa mbio za siku ile ya sifa, uone mbio zile ni sehemu gani ya umri wake: hazifiki hata moja katika elfu mbili. Watu wa ibada wanaijua hesabu hii. Mtu husifiwa kwa usiku mmoja wa Ramadhani alioukesha mbele ya watu, na thamani yake ikawa katika sala za alfajiri ambazo hakuna aliyezihesabu.

Tukija kwenye kuhifadhi. Kampuni ililitoa garimoshi kwa makumbusho mwaka huohuo wa 1960, likawekwa nje, chini ya jua, mvua na theluji, pamoja na injini mbili za mvuke. Lilikaa hivyo miaka 34. Chuma chake hakikuoza, lakini ndani yake, viti, mazulia na mbao, vilikuwa jambo jingine. Mwaka 1994 likaondolewa, likatengenezwa upya, na mwaka 1998 likaingizwa katika ukumbi wa chini lilipo sasa. Ukitoka hapo hatua kadhaa waweza kuingia katika nyambizi ya Kijerumani, U-505, iliyotekwa mwaka 1944. Kwa hiyo jumba moja limekusanya chombo cha abiria na chombo cha vita, vyote vilivyoendeshwa kwa dizeli.

Tukiwa tumekaa kwenye viti vile, fikira yetu ilikwenda kwenye mlango wa wakfu katika fiqhi. Hatusemi kwamba makumbusho ni wakfu kwa maana ya sharia. Twaazima kipimo tu. Wakfu maana yake ni kuizuia asili ya mali isiuzwe wala isirithiwe, na kuyaachilia manufaa yake yawafikie watu. Nguzo zote mbili zatakiwa. Kisima kilichofunikwa kwa marmari kisinywewe, kimehifadhiwa asili na kuuliwa manufaa. Basi treni iliyokaa ndani ya ukumbi, haitoki, haibebi mtu, manufaa yake ni yapi? Tulimtazama yule mtoto aliyekuwa ameuliza kuhusu moshi, naye sasa alikuwa akimweleza mdogo wake, kwa Kiswahili kilichochanganyika, namna umeme unavyosukuma magurudumu. Tukaona kwamba swali letu limepata nusu ya jibu.

Nusu nyingine tuliipata kaskazini-magharibi mwa Chicago, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, katika kijiji cha Union. Huko kuna makumbusho ya reli yaliyoanzishwa mwaka 1953, ambayo huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea: wazee wenye mikono ya grisi na vijana wanaojifunza kwao. Wanalo garimoshi jingine la ukoo huohuo, lililojengwa mwaka 1936, mabehewa yake yana majina ya miungu wa kike wa Warumi. Hilo linatembea. Kwa siku maalumu hufungwa nyuma ya injini ya dizeli ya mwaka 1940 na kupita katika reli yao ya kilomita chache kati ya mashamba ya mahindi, na watu hupanda. Kutembea kuna gharama. Kila mzunguko wa gurudumu hula chuma, na kipuri kikivunjika hakuna duka la kukinunua, lazima kichongwe. Wahifadhi wa treni duniani wamegawanyika katika hili. Wengine husema chombo cha kale kisitikiswe, wengine husema treni isiyotikisika ni chuma tu. Sisi twaelekea upande wa Union, ila twakiri kwamba bila ukumbi wa Jackson Park mtoto yule asingeiona treni katika umri wa kuuliza.

Na lipo la tatu, ambalo lilitushangaza kuliko yote. Garimoshi la mwaka 1936 lilikuwa pacha. Nduguye, ambaye mabehewa yake yaliitwa Apollo, Mars, Jupiter, Neptune na mengineyo ya namna hiyo, aliuzwa kwa reli ya Saudi Arabia, ile njia ya Dammam hadi Riyadh iliyofunguliwa zama za Mfalme Abdulaziz mwaka 1951. Subhanallah! Msafara wa masanamu ya Warumi kuvuka bahari na kutumwa Bara Arabu kubeba Waislamu. Alipelekwa kufanya kazi, si kutazamwa. Watu wa madhehebu ya Hanbali, ambao ndio wengi huko, wanajuzisha kuuzwa kwa wakfu uliokatikiwa na manufaa ili thamani yake itiwe katika kingine chenye manufaa. Sisi Mashafii wa pwani ni wazito zaidi katika jambo hili. Kila tukilifikiri pacha lile twaona kwamba hoja ya Mahanbali si nyepesi.

Hali mbaya kuliko zote hizo tatu ni ya mali isiyo na msimamizi. Garimoshi dada yake Zephyr, liitwalo Flying Yankee, lilistaafu mwaka 1957, matengenezo yake yakaanza miaka ya 1990, yakaendelea kwa kusuasua mwongo baada ya mwongo huku watu wakibadilishana dhamana.

Hapa kwetu treni ya usiku ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma mwaka 2017, mwaka ambao Madaraka Express ilianza. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini za mvuke za fahari, na Mount Gelai ni kubwa mno hata mtu husimama chini yake akahisi udogo wake. Hatuna ugomvi na mvuke. Lakini walio wengi katika sisi tulio hai hatukubebwa na mvuke. Tulibebwa na dizeli: wanafunzi waliokwenda bara kusoma, wagonjwa waliopelekwa hospitali za Nairobi, maharusi, wafanyabiashara wa samaki wakavu, na maiti waliorudishwa kuzikwa kwao. Kumbukumbu hiyo haina ukumbi wala kijiji cha Union.

Tumezungumza na mhariri wa jarida hili, naye amekubali kupokea. Mwenye tikiti ya garimoshi lile, picha ya stesheni, ratiba ya karatasi, au mzee nyumbani aliyekuwa dereva, gadi, fundi au mpishi wa treni, na amlete au aje aandikiwe maneno yake. Ofisi hufunguliwa baada ya sala ya alasiri, na picha zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyohiyo.