Mpini Ulioliwa na Mchwa

Nilifika Mpanda kwa treni, Desemba 2006, mvua zikiwa zimekolea. Tuliondoka Tabora usiku, pale Kaliua tukaiacha reli ya Kigoma na kushika tawi la kusini, kilometa 210 za miombo mitupu, tukavuka Mto Ugalla maji yakiwa yametanda hadi kwenye nyasi. Reli ile ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Machimbo yalikuwa yamefungwa zamani, lakini treni iliendelea kuja, ikileta chumvi, mabati, sabuni, na watu kama mimi waliopangiwa kazi. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, nami nikiwa mwenyeji tayari.

Barua yangu ilisema mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Ilizunguka meza tatu kabla mzee mmoja hajaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, wewe unatibu nini hasa?" Muuguzi aliyekuwa karibu akanisaidia kujibu: "Ni wale wanaowafundisha wagonjwa wa akili kufuma mikeka." Hakusema kwa dharau. Ndivyo watu wengi walivyoijua kazi yetu, kwamba ni kumpa mgonjwa kitu cha kushika ili asisumbue.

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu hospitali ya KCMC, Moshi, katika shule iliyoanza kufundisha fani hii mwaka 1998. Tulifundishwa kuichambua kazi. Unaichukua kazi moja, tuseme kusonga ugali, unaitenganisha hatua kwa hatua, mpaka uone ni wapi mgonjwa anakwama, na kama kinachomkwamisha ni mkono, macho, kumbukumbu au woga. Wenzangu wengi walikwenda kwa watoto wenye mtindio wa ubongo na kwa watu waliopooza. Mimi nilichagua wagonjwa wa akili kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi baiskeli. Alipougua alipelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuwepo tangu 1927. Alirudi ametulia. Akapewa chumba cha uani, chakula na nguo safi, akaishi hivyo miaka kumi na miwili. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa spana. Baiskeli ya baba ilipoharibika ilikokotwa kupelekwa kwa fundi wa sokoni, ikipita mbele ya kigoda alichokalia mjomba. Hakuna aliyemchukia. Tulimpenda, tukamwacha akae.

Pale Mpanda kliniki ya akili ilikuwa siku ya Alhamisi. Watu walitoka mbali: Inyonga, Mwese, Karema kwenye ufuko wa Tanganyika, makazi ya Katumba. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine juu ya malori ya mahindi. Dawa zilikuwa zile za siku zote: klopromazini, haloperidoli, sindano ya mwezi, na fenobabitoni kwa wenye kifafa, maana kifafa nacho kilitibiwa mlango uleule. Muuguzi alimuuliza ndugu, "Anaendeleaje?" Ndugu akajibu, "Ametulia." Kadi ikaandikwa, sindano ikachomwa, akaitwa mwingine.

Neno hilo nililisikia mara nyingi hadi likaanza kunichoma, kwa kuwa mjomba naye alikuwa ametulia. Nikawaomba wauguzi waniruhusu niweke kiti changu mlangoni, wanapotokea wagonjwa, niulize swali moja zaidi: "Ametulia, na anafanya nini?" Ndugu waliduwaa. Karibu wote walijibu vilevile: "Hafanyi kitu. Anakaa."

Kwamba kazi hutibu si wazo nililolileta mimi Mpanda. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wamekuwa wakishika majembe tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1954 Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliwapanga wagonjwa wake katika vijiji vya Aro, karibu na Abeokuta, waishi na ndugu zao na kulima huku wakitibiwa, na Tanzania nayo ikaja kufungua vijiji vya namna hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata waganga wetu wa jadi huwaweka wagonjwa kwao, wakakata kuni na kupalilia. Ila Mpanda ilinifundisha kutofautisha. Mtu anaweza kulimishwa shamba la mwenzake misimu mitatu na asipone. Kinachomponya ni kazi yake mwenyewe, ile ambayo asipoifanya nyumbani pana pengo lenye jina lake.

Hilo nilifunzwa na mrina asali mmoja wa upande wa Inyonga. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa ameugua miaka miwili. Ugonjwa ulipoanza alikesha akikata nguzo za nyumba kwa panga, akisema zina watu ndani. Hakumjeruhi mtu, lakini walimfunga kamba mwembeni kwa siku nyingi, na alama nilizikuta kwenye mikono. Alipoanza sindano alitulia. Nilipowatembelea nyumbani kwa mara ya kwanza, mama alikuwa anakatakata mchicha kwa kucha.

"Shikamoo baba," nilimwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Pale uani hapakuwa na kisu, wala jembe, wala shoka. Mzee alikuwa amekusanya vyuma vyote katika gunia na kuvipeleka kwa jirani. Wakitaka kupasua kuni waliazima shoka, wakalirudisha kabla ya magharibi. Nilimuuliza kijana alikuwa anafanya nini kabla ya kuugua.

"Alikuwa mwenzangu," mzee akasema. "Mizinga yangu yote, yeye ndiye aliyekuwa akipanda."

Alisema kama anayesimulia habari za marehemu, na kijana amekaa hatua tatu kutoka pale, anasikia.

Nilikaa siku ile nzima kuuliza kazi ya asali ilivyo. Mzinga wa magome una hatua nyingi: kubandua gome la mti bila kulipasua, kulikunja, kulishona, kuziba ncha, kuubeba porini, kupanda nao mtini, kuufunga kwa kamba. Halafu kufukiza moshi, kurina, kuchuja, kutenga nta. Niliziandika kwenye daftari, kisha nikaweka pembeni yake yale ambayo dawa zilikuwa zimemfanyia kijana. Akisimama ghafla alipata kizunguzungu, kwa hiyo kupanda mti haikuwezekana. Jua la mchana lilimuunguza ngozi, maana klopromazini ina tabia hiyo, na kwa mtu wa porini hilo si jambo dogo. Mikono ilitetemeka. Asubuhi alikuwa na usingizi mzito mpaka saa nne.

Nilirudi na daftari kwa daktari. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mgonjwa huyu anahitaji asubuhi zake. Dozi kubwa ikahamishiwa usiku, ikaongezwa dawa ya kupunguza kutetemeka. Kisha nikamwomba mzee hatua moja tu katika zote, ile isiyohitaji chuma wala kupanda: kusokota kamba za magome za kufungia mizinga. Kamba ya kwanza ilimchukua kijana siku nne. Mzee aliiangalia, akaifunga kwenye tawi la mwembe, uleule, akaning'inia kwa uzito wake wote. Haikukatika. Akaiingiza ndani na kuitundika pamoja na zake.

Sikufanikiwa kila mahali, na sehemu moja nilikosea. Binti mmoja mwenye kifafa alitaka kukaanga mandazi ya kuuza sokoni kama wenzake. Miezi mitatu alikuwa hajaanguka. Tuliinua jiko lake kwa matofali, tukapanga akae upande gani, tukakubaliana mdogo wake awe naye muda wote. Nilipanga kila kitu isipokuwa kimoja: sikumhesabia vidonge. Dawa zilikuwa zimeadimika miezi ile, naye akaanza kugawa kidonge kimoja mara mbili ili visiishe, wala hakuniambia, kwa kuwa sikumuuliza. Alianguka asubuhi moja, sufuria ya mafuta ikamwagikia mkono. Mama yake hakunifokea. Alinitazama akasema, "Ulisema anaweza."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina lililo bora kuliko kunyamaza. Kuanzia siku ile nilianza kila mazungumzo kwa kumwomba mgonjwa anionyeshe vidonge vyake mkononi, tuvihesabu pamoja, kabla ya kusema neno lolote la kazi. Mkono ulipopona binti alirudi sokoni. Yeye alikanda unga na kuuza, mama akakaanga. Mpango huo waliutunga wenyewe, na ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Kuna pia mzee wa Katumba ambaye sitamsahau. Makazi yale yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, naye alikuja akiwa kijana. Wanawe walisema anakaa tu, hali vizuri, halali, hasemi. Alipokuwa na nafuu nilimuuliza kama angependa kupanda miche ya miembe nyuma ya nyumba, kwa sababu aliwahi kunisimulia habari za miti ya babaye. Akanijibu, "Mwembe unapandwa na mtu anayejua atakuwepo ukizaa." Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliulizwa wachague: kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Alichagua kubaki. Kisha akasubiri, mwaka baada ya mwaka, mpaka cheti chake cha uraia kilipotoka. Msimu uliofuata alipanda mwembe. Sikumfundisha mimi. Nilijifunza kwamba kuna mikono inayofungwa na mambo yasiyofikiwa na sindano wala daftari langu, na kwamba ni wajibu wetu kuyataja mambo hayo kwa jina na kutoyaita ugonjwa wa mtu.

Miaka ile nilisafiri sana kwa pikipiki: kwenye mashamba ya tumbaku, kwa mgonjwa ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa asiweze tena kufunga majani; Karema, kwa mvuvi tuliyekubaliana naye atengeneze nyavu nchi kavu mpaka dawa imkae sawa; kwa mama aliyeugua baada ya kujifungua, ambaye mkwewe alimrudishia mtoto kwanza kwa muda wa kuogesha, kisha kwa kunyonyesha, kisha kwa usiku mzima. Kila nyumba ilikuwa na gunia lake lililofichwa kwa jirani. Mahali pengine lilikuwa gunia kweli, pengine lilikuwa mtoto, pengine ufunguo wa ghala. Kazi yangu niliielewa hivyo: kutafuta lilipo gunia, na kusaidia pande zote mbili zifikie siku ya kulifungua bila kuharakisha.

Kwa mrina asali siku hiyo ilikuja baada ya misimu miwili ya mvua. Kijana alikuwa ameshasokota kamba zisizo na hesabu, amechuja asali mavuno mawili, amejifunza kutambua dalili zake mwenyewe: akikesha usiku wa pili bila kuchoka, anamwambia mama, na mama anamleta kliniki. Nilifika jioni. Mzee aliniitikia salamu, akainuka bila kuaga, akaenda kwa jirani. Alirudi na gunia begani, akalimwaga uani.

Mapanga mawili, shoka, majembe matatu, visu. Vyote vimeshika kutu. Mipini ilikuwa imeliwa na mchwa. Ulipoigusa iligeuka unga. Tulivitazama kwa muda. Mama aliacha kuchambua mboga.

"Vimebaki vyuma," mzee akasema. Kisha akamtazama mwanawe usoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya. "Mipini utaichonga wewe."

Kijana aliokota panga moja lisilo na mpini, akalizungushia kitambaa mahali pa kushika, akatoka kuelekea miti iliyo nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemfuata. Moyo wangu ulikuwa unapiga, na nilijizuia nisigeuke. Mama aliinamia mchicha wake. Baada ya kitambo tulisikia panga linakata, pigo, kimya, pigo, kama mtu anayechagua tawi lililonyooka.

Alhamisi iliyofuata muuguzi alimuuliza mzee anaendeleaje. Ametulia, alijibu, na muuguzi akaandika. Nilimwomba kadi, nikaongeza chini yake kwa mkono wangu: anachonga mipini.