Kunguru wa Ukosi Mweupe

Katika Likoni ya miaka ya 1950, pale minazi na miembe ilipokuwa ingali imeshonana kutoka Mtongwe hadi ufuoni, ilikuwa aibu kwa mtoto aliyekwisha kuanza chuo kusema tu kwamba ameona ndege. Maana kama vile be, te na the zilivyo umbo moja lipambanuliwalo kwa nukta, ndivyo walivyokuwa viumbe wa Mola machoni pa wazee wetu: umbo huwashirikisha, alama huwatenga. Mjomba wangu, ambaye kwa kuwa mkwezi wa minazi aliwatazama ndege akiwa juu pamoja nao, hakuipokea khabari yoyote isiyotaja baka wala utepe. “Usinambie, mwanangu, kuwa umeona ndege mweusi,” alizoea kusema, “nambia weusi wake umekomea wapi.”

Kwake nilijifunza kwamba hua ana utepe mweusi nyuma ya shingo, ilhali pugi, aliye mdogo, hana utepe bali ana madoa ya kijani yang'aayo ubawani, na hayo hayaonekani ila jua likimpiga upande. Hata nondo waliovutwa na kandili usiku hawakusalimika na maswali yake, na hasa wale wakubwa ambao wakitulia hufanana na jani kavu, na wakishtuliwa hufunua mbawa za nyuma zenye duara mithili ya macho.

Walakini katika umri wangu wote hakuna alama iliyonishughulisha kama ile ya shingoni mwa kunguru. Kunguru wa pwani hii tangu kale, ambaye ndiye waliyemkusudia wahenga waliposema kuwa mwoga hukimbiza ubawa wake, ni ndege mkubwa, mweusi tii, mwenye kidari cheupe, na weupe huo hupanda mabegani ukauzunguka ukosi. Yule mwengine, ambaye Mombasa tumezoea kumwita kurabu, ni mwembamba na mdogo kidogo. Utosi, uso na koo lake ni vyeusi vya kung'aa, lakini ukosi, pande za shingo na kidari ni rangi ya majivu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa tamaa kwamba angekula uchafu wa mji. Naye akaula, kisha akaongeza mayai na makinda ya ndege wengine. Mombasa alitambuliwa mwaka 1947, na maadamu huyu ni ndege asafiriye juu ya meli bila ya kualikwa, Kilindini haikuwa na namna ya kumzuia.

Nakumbuka zaidi ile miaka ambayo wote wawili walikuwapo. Kurabu walikuwa kivukoni, wakigombea maganda na vichwa vya samaki, na wenye ukosi mweupe walikuwa mashambani, aghalabu dume na jike wake, wakitaga juu kabisa. Kisha kurabu wakaanza kuingia mashambani kwa makundi, wakimfukuza kunguru mkubwa kwa wingi wao, na kwenye viota vya mnana mjomba akawa akikuta maganda ya mayai tu. Nilipopata kazi Changamwe na kuwa napita Makupa asubuhi na jioni, niliwatafuta weupe angani kila siku, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kurudi nyumbani bila ya kumwona hata mmoja.

Nasema kwa yakini kwamba kurabu hakushinda kwa ushupavu wake peke yake: sisi ndio tuliomlisha. Huyu hakai mahali pasipo watu, na kila jaa tulilolitupa ovyo lilikuwa karamu yake. Hata jaa la Kibarani lilipofungwa na taka kupelekwa Mwakirunge, huko Kisauni, hakupungukiwa na kitu. Wajukuu zangu wa Kisauni wakipewa kalamu za rangi wamchore kunguru, humpaka majivu shingoni, wala hawakosei, kwani huyo ndiye waliyemwona tangu wazaliwe.

Huko Watamu na Malindi watu walikwisha kujaribu kuwapunguza kwa sumu iitwayo staliside, itiwayo ndani ya nyama baada ya ndege kuzoezwa kwanza kuijia nyama isiyo na kitu; huua taratibu, kwa muda wa saa kadhaa, na kwa kuwa huvunjikavunjika mwilini mwa ndege, haimdhuru sana mnyama atakayeula mzoga. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likatangaza kampeni ya kuwaangamiza kwa mamia ya maelfu katika pwani yote. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya chozi, na mnana, na vifaranga vya majirani zangu. Bali sumu haisomi ukosi: kunguru wa asili hudhurika nayo vilevile, na yeye sasa ni adimu mno kwetu kiasi kwamba kumpoteza mmoja ni hasara kubwa. Kwa hiyo vijana wa mtaani wanaojitolea kwa kazi hii nimewaomba kwamba kabla ya kumwaga nyama, akae mmoja wao na kulitazama kundi zima, ndege baada ya ndege, kwa nyuma ya shingo. Na akimwona mmoja tu mwenye weupe, nyama irudishwe ndooni, na siku hiyo pasitegwe.