Sikio Moja

Mimi ni mtu wa muziki tangu utotoni. Nikiwa shule ya msingi niliweza kulitambua gitaa la Mbaraka Mwinshehe kabla mtangazaji wa Redio Tanzania hajataja jina. Baba alikuwa mwinjilisti, na kwake dansi na madhabahu havikukaa nyumba moja. Muziki huo ulipoanza, aliizima redio. Nami nikaenda kusimama dirishani kwa jirani. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, nililia kwa kujificha.

Baadaye niliingia kwaya ya usharika, nikaimba sauti ya nne kwa miaka 27. Kanda za Kwaya ya AIC Makongoro ya Mwanza nilizirudisha nyuma kwa kalamu, ili kuokoa betri, mpaka zikaanza kukwaruza. Nilijivunia sikio langu. Polepole, bila kujua, niligeuka hakimu wa ibada. Nilirudi nyumbani nikikumbuka nani alikosea sauti, si neno lililohubiriwa. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyeanza kila wimbo kabla ya wenzake na kuumaliza peke yake. Siku moja nilimwomba mzee wa kanisa amtafutie nafasi mbali na kwaya. Akahamishwa.

Miaka miwili iliyopita niliamka asubuhi sikio la kushoto likiwa kimya. Daktari alisema halitarudi. Kwayani sikuweza tena kuwasikia wenzangu waliosimama kushoto kwangu, nami nikaanza kupotea. Mwalimu wa kwaya aliniambia kwa upole nipumzike. Miezi sita sikusikiliza wimbo wowote. Nilimwambia Mungu, "Ungeweza kuchukua mguu."

Ndipo binti yangu akanitumia kwenye simu Mahalia Jackson akiimba Precious Lord. Wimbo niliufahamu, habari za mtunzi wake sikuzifahamu. Thomas Dorsey alikuwa mpiga piano wa bluzi aliyejulikana kama Georgia Tom. Baba yangu angemzimia redio. Mwaka 1932 alitoka Chicago kwenda St. Louis kupiga muziki katika mkutano wa injili, akimwacha mkewe mjamzito. Huko akapokea simu ya maandishi: mkewe amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika msiba huo ndipo alipoutunga wimbo huu. Hauelezi kwa nini yalitokea. Anaomba tu ashikwe mkono.

Sasa nausikiliza kila asubuhi kwa sikio la kulia, kabla ya chai. Zamani ningepima pumzi za Mahalia na mahali alipovuta noti. Siku hizi naomba pamoja naye, basi.

Nimesoma upya Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na Sila wakiimba gerezani usiku wa manane. Maisha yangu yote nilijiweka upande wa waimbaji. Safari hii niliwaona wale wafungwa wengine, waliokuwa gizani wakisikiliza. Hatuambiwi kwamba waliimba. Lakini milango ilipofunguka, yao nayo ilifunguka, na minyororo yao ikalegea.

Nilipoacha kwaya nilihitaji mahali pa kukaa. Nikichagua benchi mahali ambapo sikio langu zima litasikia vizuri, nilijikuta yule mama mzee yuko kulia kwangu. Kinanda sikisikii vema, kwaya nayo inanijia kama iko mbali. Sauti yake ndiyo inayonifikia. Bado anaanza mapema, na bado hapati sauti. Lakini kila neno analitamka kama mtu anayemfahamu anayemwimbia. Ananitangulia, nami namfuata.

Hajui kwamba mimi ndiye niliyesababisha ahamishwe. Sijamwambia. Niombeeni, wapendwa, Jumapili ijayo nimwambie kabla ya wimbo wa kwanza.